Swali kwa Fundi wa Programu: Tunatoka Java 8 kwenda 17, nikague nini?

SWALI: Shikamoo dada. Nipo Morogoro, natunza mfumo wa mikopo wa chama cha akiba. Uliandikwa kwa Java 8 na watu waliokwisha kuondoka, na uongozi umeagiza tuhamie Java 17. Kwenye mashine ya majaribio uligoma kuwaka, logi ikaleta InaccessibleObjectException na kulalamika kuhusu moduli (sehemu ya Java yenye mipaka yake) ya java.base. Nikaongeza --add-opens (swichi ya kufungua vya ndani ya moduli) kwenye amri ya kuwashia, ukawaka. Mwenzangu anasema bado haitoshi, lazima tuandike module-info (faili ya kutangaza moduli) kwenye kila mradi. Je, nimemaliza au ndiyo kwanza naanza?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Ndiyo kwanza unaanza, lakini kazi si ile anayoisema mwenzako. Msimbo unaopakiwa kwa classpath (orodha ya mahali pa kutafutia klasi) kama wenu unaingizwa wote kwenye moduli moja isiyo na jina, na unaendelea kufanya kazi bila module-info hata moja. Kuhamia Java mpya ni kazi moja, kuugawa mfumo wenu kwa moduli ni nyingine. Ukizifanya kwa pamoja, kitu kikiharibika hutajua kimeharibiwa na ipi. Hiyo ya pili iache.

Kosa lako lina historia. Hadi Java 8, klasi za ndani za Java zilikaa kwenye rt.jar (jar ni faili yenye klasi zilizofungashwa pamoja), na yeyote aliweza kuzigusa. Java 9, iliyotoka Septemba 2017, iliigawa JDK (Java pamoja na zana zake) kwa moduli, na kila moduli ikawa inatangaza vifurushi vyake vinavyoruhusiwa kutumiwa na wengine. Kwa anayechungulia vya ndani kwa rifleksheni (kuifikia klasi kwa jina lake wakati programu inaendeshwa), matoleo ya 9 hadi 15 yalitoa onyo tu. Toleo la 16, Machi 2021, likaanza kukataa, na la 17, Septemba mwaka huohuo, likaondoa kabisa swichi ya kulegeza, --illegal-access. Ninyi mmeruka kutoka 8 hadi 17, kwa hiyo maonyo yote ya katikati hamkuyaona.

Na --add-opens uliyoweka imefungua kifurushi kimoja, kile kilichoguswa wakati mfumo unawaka. Kazi ya kukokotoa riba ya mwisho wa mwezi umeiendesha? Taarifa ya mwaka je? Huko ndiko nina wasiwasi nako, maana fedha za wanachama ndizo zinazopita hapo.

Anza na jdeps, zana inayoonyesha klasi zinategemea nini; inakuja na JDK yenyewe. Tumia ile ya JDK 17, siyo ya 8. Inasoma klasi zilizokwisha kukompailiwa, kwa hiyo hata jar ambayo msimbo wake asilia umepotea itakaguliwa. Kama mfumo wenu ni war (faili inayofungasha programu ya wavuti), ufungue kwanza, kwa sababu jdeps haiingii kwenye jar iliyomo ndani ya faili nyingine. Kisha:

jdeps --jdk-internals --multi-release 17 --class-path 'WEB-INF/lib/*' WEB-INF/classes

Itapita kwenye klasi zenu na za maktaba pia. Chini ya majibu kuna jedwali la mbadala unaopendekezwa. Tatizo likiwa ndani ya maktaba, usihangaike nalo: tafuta toleo jipya la maktaba hiyo. Likiwa kwenye msimbo wenu, soma kabla ya kubadilisha, na hapa nataka nikae kidogo.

Mifumo ya umri wa wenu karibu kila mara ina sun.misc.BASE64Encoder, klasi ya kugeuza baiti kuwa herufi za kawaida (Base64). Iliondolewa kwenye Java 9, na jdeps itakuambia utumie java.util.Base64. Ushauri ni sahihi, ila matokeo hayafanani. Ile ya zamani ilikata mstari kila baada ya herufi 76, wakati getEncoder() ya hii mpya haikati. Niliwahi kukagua mfumo wa malipo wa chuo kimoja uliohifadhi saini ya kidijitali ya kila risiti kwenye hifadhidata kama maandishi. Saini ya RSA ya biti 2048 ni herufi 344 za Base64, yaani mistari mitano. Baada ya mabadiliko, risiti halali zilionekana za kughushi, kwa kuwa maandishi mapya hayakulingana na ya zamani. Ukijaribu kuyasoma ya zamani kwa getDecoder(), unapata “Illegal base64 character a”, na hiyo a ndiyo mstari mpya. Yasome kwa getMimeDecoder(), yenyewe inaruka mikato ya mistari, kisha linganisha baiti, siyo maandishi. Na kama kuna mfumo wa nje unaotegemea umbo lilelile, getMimeEncoder() tupu haitakufaa kwenye Linux, kwani inakata kwa \r\n. Ipe mwenyewe urefu wa 76 na \n.

Jdeps haioni rifleksheni, sababu jina la klasi linaweza kuwa limeandikwa kama maandishi tu, au limesomwa kwenye faili. Kwa hilo, pitia Java 11 kwanza. Washa mfumo kwa --illegal-access=debug, endesha kila kazi mnayoifanya kwa mwezi, na kila uvunjaji utaandikwa pamoja na njia iliyoufikisha hapo. Ukiacha chaguo-msingi, utaonywa mara ya kwanza tu, mengine yatapita kimyakimya. Kwenye 11 utakutana pia na suala la JAXB, maktaba ya kusoma na kuandika XML: javax.xml.bind yake haimo tena tangu Septemba 2018. Iongeze kama maktaba ya kawaida.

Kuna jambo dogo ambalo hakuna amri inayolikamata. Tafuta “java.version” kwenye msimbo wote. Zamani jibu lilianza na 1.8, sasa linaanza na 17, na niliwahi kuona programu inayosoma herufi ya tatu pekee na kuiona Java mpya kama ya kale.

Baada ya hapo, ondoa --add-opens yako uone kama bado inahitajika. Ikihitajika, iache, lakini juu yake kwenye skripti andika ni maktaba gani inayoidai na toleo lake, ili atakayekuja baada yako ajue lini aifute. Binafsi naona zikifika tano sita, kuna maktaba iliyozeeka inayotakiwa kubadilishwa, na hapo ndipo umwombe bosi wako muda.

Kuna jina kwenye jedwali la jdeps lisilo na mbadala na likakushinda? Nitumie mstari huo na jina la jar, nitaujibu toleo lijalo.