Je, ni kweli rada hailioni kombora la Storm Shadow?

SWALI: Shikamoo mhandisi. Ninafundisha fizikia kidato cha tano na cha sita hapa Manyoni. Wanafunzi wangu wanafuatilia vita vya Ukraine na wameshikilia kwamba kombora la Storm Shadow halionekani kabisa kwenye rada. Nimewaambia kitu chochote kigumu kikipigwa na mawimbi ya redio lazima kirudishe mwangwi, lakini hawajaridhika. Naomba maelezo, pamoja na hili: kwa nini libebwe na ndege badala ya kufyatuliwa kutoka ardhini?

JIBU: Marahaba mwalimu. Uliwaambia kweli: mwangwi upo. Ila ni hafifu, na mlinzi wa anga huupata akiwa amechelewa. Kuchelewa huko ndiko kunakotafutwa na wabunifu wa kombora hili, wala si kutoonekana.

Wape hesabu hii. Umbali ambao rada inaweza kugundua kitu hufuata kipeuo cha nne cha eneo la mwangwi wake, yaani kipimo cha ukubwa wa kitu hicho kama rada inavyokiona. Tuseme rada fulani inagundua kitu chenye eneo la mwangwi la mita ya mraba 1 kikiwa kilomita 200. Ukipunguza eneo hilo mara 100, masafa hayashuki mara 100. Yanashuka mara 3.2 hivi, hadi kilomita 63. Ukitaka yafike kilomita 20, inakubidi upunguze mwangwi mara 10,000. Hapo ndipo fedha za mataifa makubwa zinapoishia.

Sehemu kubwa ya upunguzaji huo hutokana na umbo. Bapa lililoinama hurusha mawimbi pembeni, yasirudi yalikotoka. Kingo za mabawa, mdomo wa kuvutia hewa ya injini na mapangaboi yaliyo ndani yake ndiyo hurudisha mwangwi mkali, kwa hiyo hufichwa au kuelekezwa kando. Rangi na vifaa vinavyofyonza mawimbi huja baada ya umbo, kumalizia kazi. Inafaa wanafunzi wajue kwamba hesabu za jinsi mawimbi yanavyotawanyika kwenye kingo ziliandikwa na Mrusi, Pyotr Ufimtsev, na kuchapishwa Moscow mwaka 1962. Wahandisi wa kampuni ya Lockheed ya Marekani walizitumia miaka ya 1970 walipobuni ndege ya kukwepa rada ya F-117. Sayansi ilikuwa wazi kwa kila mwenye kusoma.

Sasa njoo kwenye swali ambalo wanafunzi wako hawajauliza, la kimo cha kuruka, na kwangu ndilo tamu zaidi. Storm Shadow ni kombora la kruzi, yaani lenye mabawa na injini kama ndege; kombora la aina hiyo huruka chini sana, likifuata sura ya ardhi. Rada iliyosimama ardhini haioni ng'ambo ya mviringo wa dunia. Kanuni ya haraka ni hii: chukua kipeuo cha pili cha urefu wa antena kwa mita, jumlisha na kipeuo cha pili cha kimo cha kombora, kisha zidisha kwa 4.12, jibu ni kilomita. Antena ya mita 10 na kombora lililo mita 30 juu ya ardhi hutoa kilomita 36 hivi. Kwa mwendo wa mita 270 kwa sekunde, hizo ni dakika mbili na ushei. Na hapo ni nchi tambarare, kama ya Bahi. Weka mbele ya rada ukingo wa Bonde la Ufa kama ule wa Kilimatinde, muda utapungua zaidi.

Kama kuruka chini kunaleta faida kubwa hivyo, umbo la kukwepa rada linahitajika kwa nini? Jibu liko angani. Pandisha rada ndani ya ndege kwenye kimo cha mita 9,000, kisha rudia kanuni ileile: upeo wake unafika zaidi ya kilomita 400. Hakuna bonde litakalokuficha vizuri mbele ya jicho hilo. Wasovieti walipoanza kupata ndege za aina hiyo, pamoja na ndege ya kivita ya MiG-31 inayoweza kutazama chini na kutungua, Wamarekani waliona kombora lao la kruzi la AGM-86 litaanza kunaswa. Ndipo kampuni ya General Dynamics ilipopewa kazi mwaka 1983 ya kutengeneza kombora jipya, AGM-129, lenye mabawa yaliyoelekezwa mbele na moshi wa injini uliofichwa ili joto lisionekane. Lilikuwa la nyuklia, likibebwa na ndege kubwa ya mabomu ya B-52. Likaondolewa jeshini mwaka 2012, wakati AGM-86 ya zamani ikiendelea kutumika! Gharama za kulitunza zilichangia sana.

Storm Shadow ni la kizazi kilichofuata, na halibebi nyuklia. Waingereza na Wafaransa walilitengeneza pamoja; Wafaransa huliita SCALP. Lina uzito wa kilo 1,300, kati ya hizo kilo 450 ni kichwa chenye mlipuko wa hatua mbili: wa kwanza hutoboa zege, wa pili hulipuka ndani. Masafa yanayotajwa hadharani ni zaidi ya kilomita 250, kama kutoka Dodoma hadi kuipita Morogoro kidogo kwa mstari ulionyooka. Lilitumika vitani mara ya kwanza Iraki mwaka 2003, likirushwa na ndege za Tornado za Uingereza.

Kuhusu ndege: kombora linaloanzia ardhini huhitaji roketi ya kulisukuma hadi lipate mwendo wa kutosha, na roketi ni uzito. Likidondoshwa na ndege, kimo na mwendo limeshapewa. Zaidi ya hapo, ndege humwezesha mshambuliaji kuchagua upande wa kuingilia, naye rubani hubaki nje ya masafa ya makombora ya ulinzi. Ukraine hulirusha kwa ndege za Su-24 zilizoundwa enzi za Wasovieti.

Ushahidi wa vitani unaonyesha lilivyo hasa. Tarehe 13 Septemba 2023 gati ya kukarabatia meli pale Sevastopol, bandari ya Krimea iliyo mikononi mwa Urusi, ilishambuliwa; vyombo vya habari vya Uingereza viliripoti kwamba ni Storm Shadow. Wizara ya Ulinzi ya Urusi ilisema makombora 10 yalirushwa na 7 yakatunguliwa. Tukiipokea hesabu hiyo kama ilivyo, basi rada ziliyaona mengi. Lakini yaliyopenya yaliharibu meli ya kivita na nyambizi. Kwa upande wa pili, Ukraine nayo imetungua makombora mengi ya Kirusi ya Kh-101, ambayo pia yalibuniwa kwa mwangwi mdogo.

Mmoja wa wanafunzi wako akiuliza kwa nini wasitumie rada zenye mawimbi ya mita moja au mbili, mpongeze. Urefu huo wa wimbi unakaribiana na vipimo vya mabawa ya kombora, hivyo ujanja wa umbo hupungua nguvu na mwangwi hurudi. Taabu ni kwamba rada hizo hutambua mahali pa kitu kwa kukisia: zinatosha kupiga king'ora na kuelekeza rada nyingine upande ule, ila si kuongoza kombora la kutungulia hadi lilenge.