Ukienda Versailles, anza na bustani

Mara ya kwanza nilikwenda Januari. Asubuhi nzima nilizunguka ndani ya kasri hilo la wafalme wa Ufaransa, karibu na Paris, bustani nikaiachia saa moja ya mwisho. Chemchemi zilikuwa kavu, sanamu zimefunikwa maturubai, na miguu ilishachoka. Nilirudi Paris na picha nyingi za dari za dhahabu, lakini bustani sikuiona. Nakusihi usifanye hivyo.

Nenda Jumamosi au Jumapili, kati ya Aprili na Oktoba, siku ambazo maji hufunguliwa. Utalipa kiingilio cha bustani, lakini kinastahili. Chukua ratiba getini, maana maji hayaruki kutwa. Hata Mfalme Louis wa 14 hayakumtosha. Mwaka 1684 ulikamilika mtambo wa Marly, wenye magurudumu 14, wa kuvuta maji ya mto Seine, na bado yalipungua. Wafanyakazi walikuwa wakipigiana filimbi: mfalme akikaribia chemchemi wanafungua, akishapita wanafunga.

Mfalme huyo aliandika kwa mkono wake mwongozo wa kuitembelea bustani, na anataka usimame kwanza juu ya ngazi uitazame yote. Mtii. Ila usiyaamini macho yako. André Le Nôtre, mbunifu wa bustani wa mfalme, aliyeanza kazi hapa miaka ya 1660, aliyafanya mabwawa ya mbali kuwa makubwa kuliko ya karibu, ndiyo maana Mfereji Mkuu unaonekana kama uko hapo tu. Mfereji peke yake una urefu wa mita 1,670! Vaa viatu ulivyokwisha kuvizoea, beba maji na chakula.

Wengi hufuata njia kuu iliyonyooka, wakapiga picha ya sanamu ya Apollo, mungu wa jua wa Wagiriki wa kale, na farasi wake wakiibuka majini, wakageuza. Wewe ingia pembeni, kwenye vijisitu vilivyozungushiwa kuta za miti iliyokatwa sawasawa. Kama muda wako ni mdogo, tafuta kimoja tu: Salle de Bal, ukumbi wa dansi usio na paa, uliojengwa kati ya 1680 na 1683. Maji yanashuka ngazi kwa ngazi juu ya mawe yaliyopambwa makome. Nilisogea karibu, nikaona midomo ya makome ile ile niliyokuwa nikiokota utotoni bahari ikitoka. Yaliletwa kwa meli kutoka pwani za Afrika na Madagaska ili kumpambia mfalme ukumbi wake. Sijui kwa nini watu hawaelezwi jambo hili pale mlangoni. Lilinigusa kuliko dhahabu yote ya ndani.

Upande wa pili kuna ngazi za majani za kukalia watazamaji. Nilikaa hapo hadi maji yalipofungwa. Muziki ukakoma, watu wakaondoka, na makome yakaendelea kudondosha matone, moja moja.