Mkono hauzungushi mtu, jamani

Juzi nimekaa pembeni na soda yangu nawaangalia nyie wapya wa salsa mnavyozungusha mapatna, nikacheka, halafu nikanyamaza maana nilijiona mwenyewe. Mkono juu unakoroga kama mtu anasonga posho, miguu chini imeganda. Haya, sogeeni.

1. Hesabu. Besiki, yaani hatua za msingi, mnaijua, 1-2-3, 5-6-7, kwenye 4 na 8 hukanyagi. Kama ni lida, yaani wewe ndiye unayeongoza, mkono unapanda kwenye 3 ili folowa, yule anayekufuata, ageuke 5-6-7. Ukiuinua kwenye 5 ushachelewa, hapo unamvuta bega tu.

2. Miguu yako wewe. Hapa ndipo nilipoumbuka. Mwaka wangu wa kwanza hapa Kampala niliona kwenye simu jamaa anamzungusha mwenzake mara mbili kwa mpigo, nikafanya mazoezi wiki nzima chumbani, mkono peke yake, patna wangu kamba ya kuanikia nguo. Jumamosi nikaenda sosho, usiku wa watu kukutana na kucheza, na viatu vya ngozi vya kuazima, nikamwomba dada mmoja anayenizidi mara kumi, akakubali, kumbe hajui anakuja kufa. Kwenye 3 nikainua, akaanza kuzunguka vizuri kabisa, na mimi nikasimama namtazama kama vile nimelipa kiingilio. 5-6-7 yangu yote ikapita hivyo bila kukanyaga. Yeye akamaliza, kwenye 1 akarudi nyuma kwa mguu wa kulia kama inavyotakiwa. Mimi uzito bado uko kushoto tangu ile 3, mguu ulio huru ni wa kulia, nikaupeleka mbele kwa nguvu zote ukatua juu ya mguu wake wa kushoto, na alikuwa kavaa sandozi za wazi. Hakupiga kelele. Alisema tu "si kitu ssebo" akaenda kukaa akichechemea. Tangu siku hiyo kila nikimsogelea anakumbuka kwamba ana kiu, yaani mwaka ule alikunywa maji yule dada!

3. Raba za soli ya mpira zinang'ang'ania sakafu, goti ndio linalipa. Geuka na sehemu ya mbele ya wayo, kisigino kiguse kidogo tu.

4. Kizunguzungu? Chagua kitu usawa wa macho, kichwa kiondoke mwisho kifike kwanza. Na acheni kuangalia chini, hamjaangusha hela.

5. Nyie mliokulia rumba ya Kongo msiniambie mdundo mgeni, salsa mizizi yake ni Kuba, na santuri za Kuba zilifika Kongo tangu miaka ya 1930, hizo ngoma ni ndugu. Shida yenu ni kujaza kila nafasi, ile 4 mnaikanyaga kwa sababu kiuno hakitaki kusubiri. Iacheni ipite.

6. Mazoezi: mikono mfukoni, zunguka peke yako, hesabu kwa sauti, majirani watazoea.

Yule dada alinikubalia tena baada ya miezi saba hivi. Kabla hajanipa mkono akaangalia chini akaniuliza, "Leo miguu umekuja nayo?"