Mpe mwanaume nyundo kabla ya kumpa kiti

Jumapili saa nne asubuhi, ukipita Majengo au Ndosho hapa Goma, nyimbo zinakupokea kila kona. Ingia ndani uhesabu watu. Wamama wamejaa hadi mlangoni, kwaya imesimama, watoto wamekaa chini mbele. Wababa wako kwenye mabenchi mawili ya nyuma. Mimi kwa miaka tisa hata huko nyuma sikuonekana. Mke wangu alienda na watoto, nami nikabaki nyumbani kuchonga chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo. Waliporudi sikuuliza hata walihubiriwa nini.

Kilichonirudisha si mahubiri. Tarehe 22 Mei 2021, Jumamosi usiku, volkano yetu ya Nyiragongo ililipuka, lava ikashuka mpaka Buhene, pembeni mwa mji. Siku tano baadaye ikaja amri mitaa 10 ya mji ihame. Tukashika barabara ya Sake, magodoro na bidoni juu ya chukudu, kitinda mimba wetu juu ya magodoro. Tulilala ndani ya kanisa moja huko, juu ya mabenchi. Kulipokucha wababa wawili wa kanisa lile walituletea maji. Mmoja aliniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia ni fundi wa mbao. Akasema, "Basi papa, mlango wetu huu umelegea, unisaidie."

Tuliushughulikia mlango ule mpaka saa sita mchana. Nikiwa nimeinamia bawaba, misumari mdomoni, nilijikuta namweleza mambo ambayo mke wangu mwenyewe hakuwahi kuyasikia: madeni, pombe, hofu ya usiku ule. Hakunikemea. Alisema, "Na mimi Yesu alinitoa huko huko," akanisimulia kidogo jinsi ilivyokuwa, kisha akaniombea tukiwa wima, nyundo bado mkononi.

Ndipo nilipotambua kwamba sisi wanaume wa huku midomo yetu hufunguka mikono ikiwa kazini. Mkalishe mtu kwenye kiti, mtazame machoni, muulize habari za roho yake: atakujibu "tunamshukuru Mungu" na kuangalia mlango. Mshikishe ubao upande wa pili, ukae kimya kidogo, naye ataanza mwenyewe. Kwangu hutokea hasa ninapopigilia mpira wa tairi kuzunguka gurudumu la chukudu. Ni kazi ya watu wawili, mmoja anavuta, mwingine anapiga, na wote macho yako chini.

Kanisa letu lilipotaka kujenga ukuta wa mawe ya volkano, niliwasihi wazee wasitangaze semina ya wababa. Tukatangaza kazi: Jumamosi saa mbili, kila mtu na nyundo au karai. Wakaja waume wa wamama wa kwaya, watu ambao mchungaji alikuwa hajawahi kuona sura zao. Motari mmoja, dereva wa pikipiki ya abiria, alifika Jumamosi nne mfululizo bila kukanyaga ndani ya ibada. Hatukumsukuma. Jumapili ya tano alikuwa ameketi kando yangu.

Kuna jambo lingine, nalo linauma zaidi. Tangu vita vilipoingia mjini Januari 2025, benki zikafungwa, kazi nyingi zikafa. Baba wa watu sita ambaye nyumbani hajaacha hata pesa ya bugali anaitwa apange mstari kupeleka sadaka mbele ya majirani zake wote. Unadhani atarudi Jumapili ijayo? Atasema anaumwa kichwa. Wachungaji wangu, nawaomba kwa heshima yote: wekeni kikapu mlangoni, kila mmoja atoe kimyakimya au apite. Nawe ndugu yangu unayekaa nyumbani kwa sababu ya mfuko au shati lililochakaa, njoo hivyo hivyo. Yule mjane wa Injili alitoa senti mbili, na Yesu akamsifu mbele ya wanafunzi wake.

Kuhusu kushuhudia: mara ya kwanza nilijiandaa kwa mistari saba ya Biblia, nikamfuata rafiki yangu wa zamani kule Birere tulikokuwa tunanywa pamoja. Nilipofika, mistari yote ikapotea kichwani. Nikamwambia tu, "Nimeacha, na ni Yesu aliyenisaidia. Muulize mke wangu." Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza, "Usingizi ulirudi?" Tuliongea mpaka giza likaingia. Andrea naye, katika Yohana sura ya 1, hakumhubiria nduguye Simoni. Alimwambia wamemwona Masihi, akampeleka. Ile safari ya kumpeleka ndiyo wengi tunairuka: tunamwambia mtu "karibu kanisani" halafu tunamwacha aje peke yake, asimjue mtu mlangoni. Pita kwake asubuhi, mtembee pamoja, mkae benchi moja.

Wamama, mnaowaombea waume zenu miaka na miaka, msichoke. Ila kumwambia mume maneno ya mchungaji wakati wa kula, hilo liacheni. Wangu aliliacha, na kimya chake kilinisumbua kuliko maneno.

Jumamosi hii tunapanga mawe ya upande wa nyuma, karibu na choo. Tunaanza saa mbili. Kama huna karai, tunazo za ziada.