Ghala la Makambako litabeba magunia mangapi?

SWALI: Nina kiwanja Makambako, karibu na njia panda ya Songea. Nataka kujenga ghala la mita 20 kwa 10, niwapangishe wafanyabiashara wa mahindi. Litabeba kiasi gani, na pesa nianze kuiweka wapi?

JIBU: Ukiacha mita 1 kutoka kila ukuta na njia moja katikati, zinabaki mita za mraba kama 136. Rundo la mita 3 kwenda juu ni takriban tani 220, yaani magunia 2,200 ya kilo 100. Fundi anayekuahidi 4,000 anapanga mpaka ukutani na kupita mita 3 kwenda juu, na hapo ukutani ndipo mahindi huvunda.

Pesa ianzie sakafuni. Tandika nailoni nzito chini ya zege, la sivyo unyevu hupanda: gunia la chini linashika ukungu, la juu linaonekana zima. Juu ya zege panga chaga za mbao. Kwa baridi ya huku bati hutoa jasho usiku, basi acha matundu ya hewa karibu na kenchi, yenye wavu.

Uani, semitrela iweze kugeuza. Ikishindwa, mpangaji hakai.

Mkatabani andika: mahindi yaliyozidi unyevu wa asilimia 13.5 hayapokelewi.