Mashoto na Sefti ya Bunduki: Usiigeuze Bila Kumfikiria Anayepokea Lindo

Asubuhi hiyo, saa 12, mvua ilikuwa inanyesha na mimi nina haraka ya kurudi nyumbani. Lindo letu ni ghala karibu na bandari hapa Tanga, na usiku huo tulisikia watu kwenye uzio, kwa hiyo nilikuwa nimekoki shotgani, risasi imeingia chemba, pale inapokaa tayari kufyatuliwa. Watu walipoondoka niliirudisha usalama, lakini risasi sikuitoa chemba. Mzee wa zamu ya mchana alipofika nilimpa shikamoo yake, nikamkabidhi bunduki kama ilivyo, nikamwambia, "Iko usalama, mzee wangu."

Akaipokea na kufanya alichokuwa akikifanya miaka yote. Alipitisha kidole nyuma ya triga, akakisukuma kile kitufe cha sefti, kinachozuia bunduki isifyatuke, kutoka kushoto kwenda kulia ili kuhakikisha. Kitufe kikasogea. Akajua kijana amechoka, ameacha sefti wazi, na yeye ndiye ameifunga. Kumbe ilikuwa imefungwa, na yeye ndiye ameifungua. Akazunguka ghala zima na bunduki ile begani, risasi chemba, sefti wazi, akipishana na makuli waliokuwa wanaingia kazini. Alipofika kwenye bomba la maji na kuishusha ili anawe, akaona pete nyekundu, alama ya sefti iliyo wazi, upande wa kulia wa kile kitufe, mahali ambapo hakuwahi kuiona tangu aanze kazi ya ulinzi.

Akanipigia simu. Hakufoka. Aliuliza tu, "Mwanangu, bunduki hii mmeigeuza lini?"

Sefti nilikuwa nimeigeuza wiki tatu kabla, ili ifae mkono wangu wa kushoto. Msimamizi alijua na fundi alijua. Mtu anayeipokea mikononi mwangu kila asubuhi sikumwambia. Naandika haya kwa walinzi wenzangu, na kwa yeyote mashoto mwenye silaha kihalali, kwa sababu najua wengi mnalo wazo kama nililokuwa nalo mimi.

Mimi ni mashoto wa ile aina iliyofichwa. Nakula kwa mkono wa kulia, kwa sababu bibi yangu hakuwa na mjadala kwenye sinia, na naandika kwa mkono wa kulia, kwa sababu mwalimu naye hakuwa na mjadala. Lakini nikirusha jiwe, nikishika panga au nikipiga nyundo, ni kushoto. Nilipopewa bunduki mara ya kwanza kwenye mafunzo ya mgambo, kitako kilikwenda bega la kushoto chenyewe. Mkufunzi alinirudisha kulia mara mbili, kisha akaniuliza jicho langu la kulengea ni lipi. Sikujua kwamba jicho nalo lina upande.

Kwa hiyo anza hapo, kabla hujafikiria kubadilisha chochote kwenye silaha. Nenda mahali unapoona mbali. Mimi nilikwenda Raskazone, nikasimama naitazama Toten, kile kisiwa kilicho mbele ya bandari. Nyosha mikono yote miwili, kutanisha viganja uache tundu dogo, na kupitia tundu hilo tazama mti mmoja huku macho yote yakiwa wazi. Sasa fumba jicho la kulia. Mti ukibaki ndani ya tundu, jicho lako kuu ni la kushoto. Ukitoweka, ni la kulia. Wapo watu wenye mkono wa kushoto na jicho la kulia, na hao mara nyingi ni rahisi zaidi kujifunza kushika bunduki kulia kuliko kuhangaika na vipuri. Mimi mkono na jicho vyote ni kushoto, na hapo ndipo tatizo la sefti linapoanza.

Shotgani nyingi za pampu, zile unazokoki kwa kuvuta kishikio cha chini ya mtutu, kama Remington 870, zina sefti ya kitufe kinachopita ubavu kwa ubavu, nyuma ya triga. Kukifunga unakisukuma kielekee kulia. Kukifungua unakisukuma kutoka kulia kwenda kushoto, na pete nyekundu inajitokeza upande wa kushoto. Kwa anayetumia mkono wa kulia ni kazi ya kidole kilekile cha triga, wala hahitaji kubadilisha alivyoshika. Kwa mashoto ni kinyume. Kidole chake kiko upande wa kushoto, kwa hiyo kufunga ni rahisi, lakini kufungua lazima akizungushe kidole chini ya kikingio cha triga akikitafute kitufe upande wa pili, au alegeze mkono atumie dole gumba. Ukiwa umetulia mchana hilo ni jambo dogo. Saa 8 usiku, koti la mvua limekunasa na mtu anapanda uzio, si dogo hata kidogo.

Kitufe cha mashoto kipo na kinauzwa. Kikiwekwa, mambo yote yanageuka: unafungua kwa kusukuma kutoka kushoto kwenda kulia, na nyekundu inatokea kulia. Nilipowekewa nilifurahi mno. Kwa mara ya kwanza nilihisi silaha ile imetengenezwa kwa ajili yangu.

Na hilo ndilo lilikuwa kosa, maana haikuwa yangu. Bunduki ya lindo ni ya watu wawili, watatu, wakati mwingine wanne. Kidole cha yule mzee kilikuwa na mazoea ya miaka mingi, na mazoea hayasomi tangazo. Baadaye msimamizi alipendekeza tubandike karatasi kwenye kitako kusema kwamba sefti imegeuzwa. Nilikataa, na bado nasema ni wazo baya. Gizani kidole ndicho kinachoamua, na kidole hakijui kusoma. Ukigeuza sefti ya silaha ya pamoja, maana ya "nimefunga" na maana ya "nimefungua" zinabadilishana mahali, na anayedhani anajilinda ndiye anayeihatarisha roho ya mwenzake.

Kitufe cha zamani kilirudishwa wiki ileile. Kama silaha ni yako peke yako, imeandikwa kwa jina lako na haipiti mikononi mwa mtu mwingine, geuza, ni haki yako. Kama inapokezanwa, usigeuze. Tafuta sefti ambayo haina kushoto wala kulia.

Zipo, na si za ajabu. Mossberg 500 na 590 zina sefti ya kuteleza juu ya mwili wa bunduki, kwa nyuma, palepale dole gumba linapolala. Unaisukuma mbele, kidoti chekundu kinaonekana. Unairudisha nyuma, kinajificha. Dole gumba la kushoto na la kulia yanafika sawasawa. Shotgani nyingi za mitutu miwili nazo zina sefti ya namna hiyo, na kuna zinazojifunga zenyewe kila unapoifungua bunduki kuweka risasi. Mwajiri wetu alipoongeza silaha ya pili tulimwomba ya aina hii, na tangu hapo makabidhiano yamekuwa na amani. Angalieni jambo moja tu: sefti ya juu inataka kitako cha kawaida. Ukiiwekea kile cha mshiko kama wa bastola, dole gumba haliifikii bila kuachia mshiko, na faida yote imepotea.

Kuna na suala la maganda ya risasi zilizokwisha pigwa. Shotgani nyingi hutupa ganda upande wa kulia, na kwa mashoto maana yake ni kwamba linapita mbele ya uso wake. Mimi huvaa miwani ya kinga nikienda mazoezini, na nawashauri nanyi mvae. Ithaca 37 na Browning BPS hutupa ganda chini, na hiyo ya pili ina sefti ya juu vilevile. Mashoto akipata nafasi ya kuchagua, hizo ni mbili za kuzitazama.

Sasa raifo. Mpwa wangu anaishi Marekani, naye kashika upande wa ukoo, ni mashoto, na anamiliki AR-15 kwa sheria za huko. Bunduki ile ilibuniwa na kampuni ya ArmaLite miaka ya 1950, na kiteuzi chake cha usalama kiko upande wa kushoto, kinamngoja dole gumba la mkono wa kulia. Kinazunguka robo duara kutoka usalama hadi kupiga. Mashoto hukifikia kwa taabu. Akaniuliza, "Mjomba, niweke kiteuzi cha pande mbili?" Nikamwambia, kabla hujanunua nijibu, nani mwingine anaishika? Akasema mkewe, na mkewe ni wa kulia. Basi hapo jibu lilikuwa jepesi. Weka, maana cha pande mbili hakimnyang'anyi mtu chake. Kile cha kushoto kinabaki palepale, kinaongezwa cha pili upande wa kulia, vyote juu ya mhimili mmoja na vinazunguka pamoja.

Lakini kina tabia zake. Mkewe alipojaribu, kijiti kipya cha upande wa kulia kilimgusa kwenye shina la kidole cha triga na kumsumbua kila alipoelekeza kidole mbele. Dawa yake ni kununua kile ambacho kijiti chake cha upande wa pili ni kifupi na chembamba. Tena kijiti cha pili mara nyingi kimeshikwa na skrubu ndogo, na skrubu hiyo hulegea kwa mtikisiko. Itiwe gundi ya skrubu. La tatu ndilo naliona kubwa. Ukibeba bunduki kwa mkanda, upande mmoja unasuguana na mwili wako. Kabla ya hapo hapakuwa na kitu upande huo, sasa kuna kijiti kinachoweza kusukumwa na mkanda au nguo. Kwa hiyo ukiishusha begani, hakikisha upya sefti iko wapi, hata kama una uhakika uliifunga.

Waliopita jeshini au JKT watauliza habari za SMG, yaani AK-47. Ile kiteuzi chake kikubwa kiko kulia, na hata wa kulia wengi huachia mshiko ili kukifikia. Silaha ile ni ya dola, na mabadiliko yake si mambo yetu sisi raia.

Hapa kwetu Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka kibali cha kumiliki, na fundi wa silaha naye awe na kibali chake. Usimpe fundi baiskeli kwa sababu ana mkono mzuri. Namba ya silaha isiguswe kwa tupa wala kwa rangi. Kama bunduki ni ya kampuni, omba kwa maandishi, na barua hiyo wasomewe wote wanaopokea lindo. Hilo la mwisho ndilo nililoliruka mimi.

Kipuri kikishawekwa, usichukue silaha ukaenda nayo lindoni siku hiyohiyo. Toa risasi zote, tazama chemba kwa jicho na uipapase kwa kidole, elekeza mtutu kwenye sanduku la mchanga. Ikoki ikiwa tupu, funga sefti, vuta triga: kusitokee kitu. Achia triga, toa kidole kabisa, kisha fungua sefti. Hapa wengi hawasikilizi. Nyundo, kile kipande cha ndani kinachofyatua risasi, isianguke yenyewe kwa kufungua sefti tu. Ikianguka, silaha ile irudi kwa fundi mara moja. Kisha vuta triga, mlio wa nyundo usikike. Irudie mara nyingi mpaka usiwe na shaka.

Baada ya hapo ni mazoezi. Mimi nilirudi kwenye kitufe cha kawaida na ikabidi nijifunze upya kukizungushia kidole. Kila jioni kabla ya zamu, bunduki tupu, taa imezimwa, mara 20. Ilinichukua zaidi ya mwezi kidole kukubali. Na siku hizi tunapokabidhiana tunafanya kwa sauti: anayetoa anaifungua mbele ya mwenzake, anaonyesha chemba tupu, anasema sefti iko upande gani, na anayepokea anarudia kwa maneno yake huku anaigusa. Mvua inyeshe, gari la nyumbani liondoke, hatulikatishi. Mzee yule ndiye aliyelianzisha.

Kwa sisi wa Tanga, nimalizie na chumvi. Ghala likiwa pwani, upepo wa kusi unaleta unyevu wa bahari ndani ya kila kitundu, na sefti ina springi ndogo na kigololi kinachokaa kwenye kishimo chake. Kutu ikiingia hapo, kitufe kinaanza kuwa kizito, au kinasimama katikati, si wazi si fungwa. Futa kwa kitambaa kikavu kila mwisho wa zamu, weka tone moja la mafuta ya bunduki kila wiki. Nimeona walinzi wanatia mafuta ya kupikia kwa sababu ndiyo yaliyopo. Yanaganda na kunasa vumbi la mkonge, na sefti inakuwa kama imetiwa gundi. Mafuta ya bunduki yakikosekana, tumia hata ya cherehani.