Kwani unasoma au unatazama?

Mleta mada, swali lako nimelirudia mara mbili. Unasema mwaka jana ulimaliza Biblia nzima kwa ule mpango wa siku 365, ukaongeza na vitabu vya kiroho kumi na vinne juu yake, na bado moyo mkavu, hasira zile zile, mke analalamika yale yale. Sasa unauliza kitabu cha kumi na tano kiwe kipi.

Hicho cha kumi na tano kiache dukani kwanza.

Mpango huo naujua. Biblia yenye vitabu 66 ina sura 1,189. Zigawe kwa siku 365, unapata tatu na kipande kila siku. Nimeumaliza mara tatu. Nilikuwa nasomea kwenye daladala ya kutoka Kwerekwe hadi Darajani, huku Unguja, simu mkononi, konda anapiga kelele sikioni, na nikishuka nimeshaweka tiki. Mimi ni mhasibu, na mhasibu akiona tiki roho yake hutulia. Ungenisimamisha pale Darajani ukaniuliza leo nimesoma nini, ningekwambia Walawi. Walawi inasemaje? Mambo ya kafara. Basi, hapo ndiyo mwisho wa elimu yangu.

Dawa niliipata Wete, na aliyenipa hata si Mkristo.

Kazi ilinipeleka Pemba miezi mitano, hesabu za msimu wa karafuu. Nikapanga chumba cha uani kwa mzee mmoja mwalimu wa chuo. (Kwa wenzetu wa bara: huku chuo ni pale watoto wanapofundishwa Kurani, usije ukafikiri nilipanga kwa profesa.) Mtaa mzima tukimwita Maalim. Baada ya alasiri watoto walijaa barazani kwake na juzuu zao, na kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba watoto wale hawaendi mbele. Mtoto wa miaka tisa anakaa na nusu ukurasa tangu Jumamosi mpaka Jumatano. Anasoma kwa sauti, Maalim kafumba macho, unadhani kalala, herufi ikivutwa pasipovutwa, kijiti kinagonga sakafu: "Rudi." Mtoto anarudi. Ikifika Jumatano, mimi niliyekuwa chumbani na kompyuta yangu nilikuwa nimeshaihifadhi ile nusu ukurasa, na maana yake sijui hata neno moja.

Usiku mmoja tulikuwa uani tunachambua karafuu. Kwa asiyejua, unashika shada kwa mkono mmoja, unalikandamiza kwenye kiganja cha pili na kulizungusha mpaka karafuu zinakatika. Karafuu huku, makonyo (vile vijiti vyake) kule. Nikaona kazi yenyewe ndiyo hii, nikaenda mbio. Bi Mkubwa wa nyumba akalivuta fungu langu, akalitandaza chini ya taa, akawa anayatoa makonyo moja moja bila kuniambia kitu. Alipofika katikati akasema, "Haya ndiyo yanayoshusha daraja, mwanangu. Chukua shada moja, limalize, ndiyo uchukue jingine." Makonyo yenyewe si takataka, Pemba wanayatolea mafuta, lakini yakiingia kwenye karafuu umeshajitia hasara.

Hapo Maalim akaniuliza, bila kuinua kichwa, mbona mimi sisomi kitabu changu. Nikashangaa. Nikamwambia nasoma kila asubuhi, Maalim, sura tatu.

"Mbona sikusikii?"

Nikamweleza kuwa mimi nasoma kimya, kwa macho, kwenye simu. Akachambua shada zima ndipo akajibu.

"Kwani unasoma au unatazama?"

Uani pote kicheko, na mimi nikacheka. Lakini nilipoingia ndani nilifungua Matendo sura ya 8, kile kisa cha yule Mwethiopia garini, na kwa mara ya kwanza nikaona neno ambalo macho yangu yalikuwa yamelipita mara tatu katika miaka mitatu. Filipo alikimbia karibu na gari, "akamsikia" anasoma. Alimsikia! Mtu yuko peke yake safarini na sauti inatoka. Na katika ile Biblia yetu ya Muungano ya 1952, anachokisoma kinaitwa "chuo cha nabii Isaya", chuo kwa maana ya zamani ya kitabu. Nilicheka peke yangu chumbani. Kisha Filipo hamwulizi amefika sura ya ngapi. Anamwuliza, "Je! Yamekuelea haya unayosoma?" Naye anajibu kuwa yatamwelea vipi pasipo mtu wa kumwongoza.

Baadaye nilikuja kujua kwamba hata lile neno la Zaburi ya kwanza, "huitafakari mchana na usiku", kwa Kiebrania ni kitendo cha kinywa: kunong'ona, kuvumisha sauti. Isaya 31:4 neno hilo hilo limetumika kwa simba anayenguruma juu ya windo lake. Yoshua naye kaambiwa kitabu kisiondoke kinywani mwake. Mimi miaka yote nilidhani kutafakari ni kukunja uso na kunyamaza.

Kesho yake nikaufuta mpango kwenye simu. Nikatafuta kitabu kifupi nione itakuwaje, nikaangukia waraka kwa Filemoni: sura moja, aya 25, kwa sauti hauzidi dakika nne. Nikasema nitakaa nao mwezi. Nilikaa wiki sita.

Wiki ya kwanza, nisikudanganye, ilichosha. Siku ya tatu nilishaona nimeyajua yote yaliyomo: mtumwa Onesimo kamkimbia bwana wake, Paulo anamwombea apokelewe. Wiki ya pili ndipo nikaanza kusikia. Nikasikia kwamba Paulo anasema, Filemoni anaambiwa, kanisa linalokutana nyumbani kwa Filemoni nalo limetajwa katika salamu, kwa hiyo hii si barua ya siri. Ila Onesimo mwenyewe, mwenye shauri lake, hana neno hata moja. Ukiisoma pamoja na Kolosai 4:9 unaona huyo Onesimo anarudishwa kwao pamoja na Tikiko. Huenda alisimama palepale mlangoni wakati inasomwa. Jaribu kuisoma kwa sauti ukifikiri kuna mtu kasimama mlangoni.

Katikati ya hizo wiki nilivuka kuja Unguja, nikaenda nayo Mkunazini. Kanisa lile la Anglikana limejengwa palipokuwa soko la watumwa, soko lililofungwa 1873, na ujenzi ukaanza mwaka huo huo chini ya Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu, ambaye ndiye huyo huyo aliyeshughulikia kulitia Agano Jipya katika Kiunguja. Nikakaa benchi la nyuma, nikasoma kwa sauti ya chini mpaka "si kama mtumwa, bali zaidi ya mtumwa, ndugu mpendwa". Watalii wakipita na kiongozi wao kwenda kutazama vile vyumba vya chini. Mmoja alinitupia jicho, nadhani alidhani nazungumza na simu.

Lakini aya iliyonivunja ni ya 18, na ilinivunja kwa sababu ya kazi yangu. Paulo anamwambia Filemoni, kama huyu amekudhulumu au unamwia kitu (yaani unamdai), "ukiandike hicho juu yangu". Hata kwa Kiyunani neno lile ni la watu wa hesabu, kumwandikia mtu deni. Mimi kuandika madeni ndiyo chakula changu. Macho yalikuwa yakipita hapo bila shida. Siku kinywa kiliposema "juu yangu" kwa mara ya thelathini hivi, nilikumbuka daftari langu mwenyewe.

Kabla ya Pemba nilikuwa na kioski cha miamala ya simu, nikamweka kijana mmoja wa shamba akikae. Siku moja akatoweka na shilingi 450,000. Kisa hicho nimekisimulia harusini, msibani, hata kanisani kama ushuhuda wa jinsi nilivyosamehe! Nikikisimulia nasema "yule kijana". Nyumbani kwangu alikula baada yetu, mlango wa jikoni, na wala hatukuwahi kujadili kwa nini. Usiku ule Wete nikachukua karatasi, nikachora safu mbili kama nilivyosomeshwa. Upande mmoja, alichochukua: 450,000. Upande wa pili, mshahara wa miezi mitatu niliokuwa nimemchelewesha, nikimwambia subiri, biashara mbaya: 120,000 mara tatu, 360,000. Deni lote nililokuwa naidai dunia, nililolibeba miaka miwili kama msalaba, lilikuwa 90,000.

Nilimpigia, namba haipatikani. Nikampata shangazi yake Makunduchi, nikamwachia ujumbe kwamba hanidai simdai, na kwamba kwenye mshahara ule mwenye kosa ni mimi. Baada ya wiki tatu likaja jibu: "Sawa." Ndiyo hilo tu mpaka leo. Hatujawa ndugu wapendwa. Ila nyumbani sasa anatajwa kwa jina lake, na dada anayetusaidia kazi anakaa mezani, jambo ambalo mama mkwe bado hajalizoea.

Ungeniambia niyapate hayo kwa sura tatu kwa siku, Filemoni ningeipita asubuhi moja pamoja na Tito.

Kwa hiyo ukinitaka ushauri wa vitendo: chukua kipande kifupi na Biblia ya karatasi, maana simu ina mambo yake mengi. Soma kwa sauti, ile ya kumsikia mtu wa chumba cha pili. Kaa hapo hapo wiki nzima hata kama unaona umeshakijua. Kuchoka siku ya tatu ni kawaida, usihame. Sikiliza nani anasema na nani kanyamaza. Na usikate aya moja ukaitundika kwenye stetasi. "Nayaweza mambo yote" ya Filipi 4 nimeiona kwenye magari mangapi, na aya iliyo juu yake inazungumzia kushiba na kuona njaa. Mpango wa mwaka si dhambi, unakupa ramani ya mji. Nami nikimaliza kipande ninausoma tena kwa mbio, bila tiki.

Na tafuta mtu. Yule Mwethiopia hakuona haya kusema hajui. Sisi tuko wanne, Jumanne jioni barazani kwangu Kiembesamaki, kahawa na kashata. Tuko Yona. Kitabu kile kinaishia na swali, Mungu anamwuliza Yona kuhusu watu zaidi ya mia na ishirini elfu wa Ninawi, na wanyama wengi pia, halafu basi, hakuna jibu. Hii ni wiki ya tatu tumekwama hapo, na mwenzetu mmoja ambaye ni fundi wa magari ameshikilia kwamba siri yote iko kwa wale wanyama.